Kumfundisha mtoto mdogo mmea unavyoota: glasi kwanza, mchoro baadaye

Majuzi nilimsaidia mwalimu mwenzangu wa chekechea. Alikuwa amebandika ukutani mchoro mzuri wa mzizi, shina na majani, na watoto wameukariri wote. Alipowauliza mzizi unatokea wapi, wakanyoosha vidole ukutani. Tukaanza upya hivi.

Hatua ya 1: Loweka maharage

Usiku mmoja unatosha. Yasipitishe saa 24. Usichukue mbegu za kupandia zilizopakwa rangi, kwa kuwa rangi ile ni alama ya dawa, na watoto wa umri huu hutia kila kitu mdomoni. Hata harage bichi la kawaida wasilitafune. Asubuhi menya moja, litenganishe vipande viwili, wakione kimche kilichojikunja ndani. Nyamaza kidogo hapo, waseme wao.

Hatua ya 2: Panga kwenye glasi

Viringisha karatasi ya kufutia ndani ya glasi angavu, kisha bana maharage kati ya karatasi na glasi.

Hatua ya 3: Maji (hapa ndipo nilipoumbuka)

Mara yangu ya kwanza nilitumia pamba, nikawaruhusu watoto wamwagilie kila mmoja kwa zamu. Siku ya nne darasa zima lilinuka. Maharage yalikuwa yameoza, na mtoto mmoja akalia kwamba ameliua lake. Kwa kweli alikuwa amelizamisha. Mbegu inayoota inapumua. Maji yakijaa kila mahali, hewa inakosa pa kupita.

Tangu siku hiyo pamba siitaki. Inashika maji kupita kiasi, na mizizi hunasa humo hata usiweze kuitoa bila kuikata. Ukiwa na karatasi, weka maji kidogo chini kabisa, yasiyofikia maharage, karatasi iyanyonye yenyewe. Ongeza tu yanapokaribia kukauka. Chagua mtoto mmoja wa zamu kwa siku, mwenye kijiko, asipewe jagi. Ukiona ukungu mweupe, toa harage hilo haraka kabla haujaenea. Usiuchanganye na vinyweleo vya mzizi: hivyo hukaa kwenye mzizi tu, wakati ukungu hutambaa hata juu ya ganda. Mahali pakiwa na baridi mambo huchelewa, basi usikate tamaa siku ya tatu. Na siku zote otesha glasi mbili za akiba nyumbani. Huo si udanganyifu, ni akili.

Hatua ya 4: Laza glasi

Mzizi ukifika urefu wa kidole cha mtoto, mwaga maji yaliyobaki chini, ulaze glasi ubavu. Baada ya siku moja au mbili ncha ya mzizi itakuwa imepinda kuelekea chini. Watoto wataomba mgeuze tena. Geuzeni.

Hatua ya 5: Kabatini na dirishani

Glasi moja iwekwe gizani, nyingine kwenye mwanga. Jiandae: mche wa gizani huwa mrefu zaidi, na watoto watashangilia kwamba umeshinda. Waulize rangi yake. Ni wa manjano, dhaifu, unatumia akiba iliyomo ndani ya harage kuutafuta mwanga.

Hatua ya 6: Udongoni

Toboa chombo chini, panda.

Hapo lazima mmoja aulize kama mmea unakula udongo. Jan Baptist van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17, alipanda mti kwenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaumwagilia miaka 5. Mti uliongezeka takriban kilo 74. Udongo ulipungua gramu 57 tu. Yeye akadhani ni maji peke yake yaliyoujenga, hakujua habari ya hewa. Kwa watoto mimi husema tu: mmea unajipikia chakula kwa mwanga, maji na hewa. Neno usanisinuru lisubiri.

Glasi zioshe kwa maji ya moto kabla ya kundi linalofuata, ukungu haukawii kurudi.