Kitu halisi mpaka kipotee: namna ya kupiga filamu fupi ya majaribio

Wengi wakisikia filamu ya majaribio wanadhani lazima uchague, ama uonyeshe vitu vinavyoeleweka ama ujaze skrini marangi na maumbo yasiyo na kichwa wala miguu. Mi naona utamu wote uko pale katikati, jicho linapokosa jina la kile linachokiona.

Chukua kitu kimoja tu, maji, kitambaa, kikombe, chochote ambacho mwanga unacheza juu yake. Ralph Steiner alifanya hivyo Marekani mwaka 1929 kwenye filamu yake H2O, anaanza na maji unayoyatambua kabisa halafu anazidi kusogea mpaka inabaki mistari ya mwanga na giza inajikunja kama nyoka, na ni maji yaleyale, hajachora kitu.

Kwenye simu, gusa skrini ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, la sivyo itaanza kuhangaika katikati ya shoti. Kisha sogea mpaka kingo za kitu zitoke nje ya fremu. Hapa usiwe na haraka, maana kikombe kikionekana mdomo na mkono wake tu basi, mtu keshasema kikombe na haangalii tena, ila ukikata kingo unabaki na mpindo mweupe na kivuli kinachotambaa. Sasa rudi nyuma polepole bila kukata, usizumu, tembea mwenyewe. Ukija kuediti pita fremu moja moja, yaani zile picha moja moja zinazounda video, kuna fremu ambayo ghafla kitu kinapata jina, weka alama hapo. Kama unapiga kwa fremu 24 kwa sekunde, kukata fremu 12 kabla au 12 baada ya alama ni filamu mbili tofauti kabisa.

Ila ufunuo, yaani pale kitu kinapopata jina, usiuweke mwisho jamani, inakuwa kitendawili, watu wanasema aaah kumbe kikombe, biashara imeisha. Uweke mapema, halafu rudi kulekule karibu, sasa wanajua ni kikombe na bado hawakioni.

Sauti nayo inaumbua. Mlio wa maji juu ya picha ya maji ushataja jina, bora uzime au uweke sauti ya kitu kingine kabisa. Mafilta ya kuzungusha picha achana nayo, yanafanya kila kitu kifanane.

Na kamera si lazima. Stan Brakhage kwenye filamu yake Mothlight ya 1963, ambayo nayo haina sauti, alibandika mbawa za nondo na vipande vya mimea kati ya tepu mbili zinazopitisha mwanga, mkanda ukachapwa hivyohivyo, yaani kitu chenyewe kiko pale na bado unachoona ni mmweko tu.

Ukimaliza muonyeshe mtu asiyejua ulipiga nini, muulize alijua sekunde ya ngapi. Akisema ya pili, rudi ukate.