Umetoka bendini? Kabla ya studio, sikiliza koo lako

Niliimba miaka sita katika bendi ya roki hapa Nakuru, na miaka yote hiyo niliamini sauti yangu ina kasoro. Tukifika wimbo wa tano jukwaani, koo limeshakauka. Nilipotoka ndipo nikaujua ugonjwa wenyewe: nyimbo zetu karibu zote zilikuwa kwenye kii ya E, yaani zilijengwa juu ya noti ya E. Hazikuwekwa hapo kwa ajili yangu. Uzi mnene wa gita ni E, na ukiachwa wazi unanguruma wenyewe, basi mpiga gita wetu hakutaka kusikia kii nyingine. Mkono wake ulistarehe, koo langu likalipa.

Kwa hivyo, kabla ya kurekodi nyimbo zako mwenyewe, fanya hivi kwanza. Keti peke yako bila gita, washa kinasa sauti cha simu, uimbe wimbo wako bila kupewa noti ya kuanzia. Imba jioni, siku tatu mfululizo. Asubuhi sauti huwa nzito na itakudanganya. Kisha tafuta kwenye kibodi umeanzia wapi. Mimi kila mara nilijikuta kwenye D au jirani yake. Ni nusu toni mbili tu chini ya E, lakini ndizo zilizokuwa zikiniua.

Mpiga gita akilalamika, mwambie alegeze uzi ule mmoja kutoka E hadi D. Mngurumo wake ataupata, tena mzito zaidi. Wimbo ukitaka kushuka zaidi ya hapo, anunue nyuzi nene, maana nyembamba zikilegezwa sana hupwaya na noti huyumba. Ila usishushe kila kitu. Kati ya nyimbo zangu tisa, mbili niliziacha juu kusudi, kwa sababu maneno yake yanamtaka mtu aliyebakisha pumzi moja.

Makaratasi yanachosha, lakini usiyaruke. Wimbo una haki za utunzi, yaani maneno na tuni, halafu kuna haki za rekodi yenyewe. Maneno niliandika mimi, lakini tuni nne tulizitunga pamoja, na rekodi za zamani zililipiwa na mfuko wa bendi. Tulikutana kwenye kibanda cha chai, tukaandika daftarini kila mmoja ana asilimia ngapi, tukatia saini wote wanne. Nyimbo mbili hatukuafikiana, nikaziacha. Zangu mpya nilizisajili kwa mtandao KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Na usiende kwenye kikao hicho ukijiambia kwamba bendi ni wewe. Mwimbaji Peter Gabriel alipotoka Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, mwaka 1975, wenzake walimpa maikrofoni mpiga ngoma wao, Phil Collins, wakaendelea vizuri kabisa. Albamu ya kwanza ya Gabriel peke yake ilitoka 1977. Kwetu sasa anaimba mpiga besi. Nimeenda kumsikiliza. Anaimba vizuri, shenzi huyo.

Pesa yako nyingi italiwa na ngoma, kwa hiyo hizo ndizo za kurekodia studio. Wapiga ngoma wazuri wa mji huu tafuta kanisani. Wangu hakuwa amewahi kupiga roki, alisikiliza demo mbili, yaani rekodi za majaribio, akasema, "Dada, hizi ni sifa, ila mmekasirika." Nilimtumia nyimbo zote zikiwa na metronomu, ule mlio wa kuhesabu mapigo, wiki tatu mapema, ili asijifunzie kwenye saa ninazolipia. Siku moja na nusu ikatosha.

Sauti nilirekodi chumbani kwangu, mtaa wa Section 58. Trei za mayai ukutani ni mapambo, hazizuii kelele. Simamisha godoro nyuma ya mgongo wako, si nyuma ya maikrofoni: maikrofoni nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, na mwangwi unaoharibu rekodi ni ule unaogonga ukuta ulio nyuma yako na kurudi. Maliza kabla ya masika, maana mvua ikishika mabati hakuna kazi. Mimi nilirekodi Januari na Februari, nikahangaika na vumbi badala yake. Thamosi ya maji ya moto ilikaa miguuni siku zote.

Nyimbo zikishachanganywa, usizihukumu kwa hedifoni. Niliweka zangu kwenye flashi nikampa kondakta wa matatu ya Pipeline, nikakaa kiti cha nyuma kama abiria mwingine. Wimbo wa pili haukwisha kabla hajageuka: "Dada, besi umemwachia nani?" Alisema kweli. Katika hasira zangu na bendi nilikuwa nimepandisha sauti yangu juu ya kila kitu. Nikarudi kwa fundi, tukaniteremsha, tukainua besi. Safari iliyofuata kondakta hakusema neno. Alinyoosha mkono akaongeza sauti, na nauli akachukua kama kawaida.