Somo: Kuchonga jangseung, nguzo mlinzi wa kijiji cha Kikorea

"Jangseung huchongwaje?" limeulizwa humu mpaka limechosha. Naandika mara moja. Atakayerudia ataelekezwa hapa.

1. Tafuta magogo mawili. Jangseung huwa jozi, mume na mke. Korea hutumia zaidi msonobari. Urefu mita 2.5, unene sm 25 hadi 30.

2. Menya gome.

3. Hapa ndipo wengi huharibu. Gogo lenye kiini litapasuka tu, maana mti husinyaa zaidi kufuata miduara yake kuliko kuelekea katikati. Ufa huuzuii, unauchagulia mahali. Amua uso utakaa wapi, geuza gogo, pitisha msumeno mgongoni toka juu hadi chini mpaka ukaribie kiini. Ufa utafunguka huko. Ncha zote mbili zipake nta. ONYO: usianike juani ili "likauke upesi", utakuta pua imegawanyika. Mkato usiuzibe kwa gundi, ufa utahamia mbele.

4. Chonga likiwa bichi, kivulini. Anza na pua: kata kwa msumeno chini yake, kina sm 5, kisha shusha patasi toka juu kuelekea mkato. Bila mkato, patasi inaondoka na pua nzima. Macho yatokeze, meno yaonekane. Kazi yake ni kutisha ndui na pepo wabaya, kwa hiyo usimrembe.

5. Mume mchongee kofia ya ofisa. Kifuani andika wima, kwa herufi za Kichina: mume Cheonha Daejanggun (jenerali mkuu wa chini ya mbingu), mke Jiha Yeojanggun (jenerali wa kike wa chini ya ardhi).

6. Fukia sm 60, kokoto chini maji yapite.

MASWALI

– Mkuu, nina gogo moja, urefu gani?
Namba 1. Yote mawili yamo.

– Mbona nyingine zina nywele za mizizi?
Swali zuri. Mti hung'olewa na mizizi yake, ukasimamishwa kichwa chini. Ukitaka hivyo, chimba, usikate. Osha mizizi kabla ya kugusa patasi. Mchanga unamaliza makali.

– Ni kama vigango vya Wamijikenda?
Hapana. Kigango ni nguzo ya marehemu, mzee wa Gohu (chama cha wazee wa Wamijikenda). Jangseung hulinda mlango wa kijiji, na enzi za Joseon (ufalme wa zamani wa Korea) nyingine zilionyesha umbali barabarani. Ila zote mbili hazing'olewi: Korea husimika mpya, ya zamani huachwa pembeni ioze yenyewe.

– Iliyooza si nichome tu kuni?
Kwa imani yao, usithubutu. Byeon Gangsoe wa masimulizi ya pansori (hadithi za Kikorea zinazoimbwa kwa ngoma) aling'oa moja akaichoma. Jangseung wa nchi nzima wakakutana, wakamjaza maradhi mpaka akafa.

– Na ule mlingoti wenye ndege juu, unaosimama pembeni ya jangseung, unaitwaje?
Sotdae. Ndege mara nyingi ni bata. Mwili na shingo vichonge mbalimbali. Shingo ya kipande kimoja na mwili hukatika pale nyuzi zinapopita kwa upana.

– Msonobari wa Sao Hill (shamba la miti Tanzania) unafaa, fundi?
Kuchonga ndiyo, ni laini. Shida mchwa.

– Naongezea: kitako kipake oili chafu, vuka usawa wa udongo kama sm 20. Hapo ndipo panapooza kwanza.
Sawa kabisa. Ila isifike kifuani, wino hautashika.