Futi kamba kwanza: kuchagua printa ya sublimesheni ukiwa Mtwara

Wiki haipiti bila mtu kuja kibandani kwangu Magomeni, hapa Mtwara mjini, akaegemea kaunta na kuniuliza: "Dada, na mimi nataka kuanza kuchapa jezi. Ninunue printa gani?" Kazi yenyewe ni sublimesheni: picha inachapwa kwenye karatasi kwa wino maalumu, kisha inabanwa kwa joto ihamie kwenye nguo au kikombe. Namuuliza na mimi: unachapa nini, na kina ukubwa gani? Wengi hununa kidogo. Walitaka jina tu, wampigie ndugu yao aliyeko Kariakoo aitume na basi la usiku.

Nauliza hivyo kwa sababu mimi sikupima. Printa yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya karatasi A3, nikashangilia kwamba sasa namba ya mgongoni itatoka nzima. Natoa karatasi, naipeleka kwenye mashine ya joto, inaning'inia nje. A3 ina urefu wa sentimita 42. Sahani ya mashine yangu ilikuwa 38 kwa 38. Nilikuwa na jezi kumi na sita za timu ya mtaa na mechi ilikuwa kesho yake. Kila namba nikaipiga mara mbili, juu kisha chini, na katikati ukabaki mstari kama mkunjo wa suruali iliyolaliwa. Walivaa hivyo hivyo. Mpaka leo golikipa wao akipita ananiuliza kama nimeshanunua futi kamba.

Kwa hiyo anzia kwenye kitu, urudi nyuma mpaka kwenye printa. Kikombe cha kawaida kinazungukwa na picha ya kama sentimita 20 kwa 9, na A4 inaitosha na kubaki. Ukitaka kuishi kwa vikombe, bilauri na beji, A3 ni kujitwisha mzigo. Jezi na tisheti za mahafali zinataka A3, na ukishasema A3 hesabu papo hapo na mashine ya joto ya 40 kwa 60. Jezi inayochapwa nguo nzima kuanzia kola, au bendera, hiyo ni kazi ya printa ya roli, na mtaji wake ni mwingine kabisa.

Kuna kaka mmoja mgeni alikuwa anakaa Mikindani, kwao ni nchi ya theluji. Alikuja na plastiki angavu ameikunja kama mkeka. Akanieleza kwamba kwao wapo watu wanaojitengenezea ski nyumbani, zile mbao mbili ndefu za kufunga miguuni na kutelezea kwenye theluji: ubao mwembamba katikati, nyuzi za kioo na gundi ya epoksi juu na chini, halafu plastiki ya nailoni kama ile aliyoshika ndiyo inafunika uso. Picha inapigwa upande wa ndani wa plastiki, ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, ili jiwe likikwaruza likwaruze plastiki na rangi ibaki salama chini yake. Nilipenda sana hiyo akili. Lakini ski yake ilikuwa na urefu wa sentimita 180, na karatasi zangu ndefu kabisa ni za sentimita 48. Nikamwambia, kaka, hapa utapata vipande vinne na viungo vitatu. Kazi yake ilitaka printa ya roli la inchi 24, yaani sentimita 61, ambako vipande vinne vya upana wa sentimita 13 au 14 vinalala sambamba, ski jozi mbili kwa mkupuo mmoja. Na bado atafute mashine ya joto ndefu kama kitanda. Alicheka, akaondoka na kikombe.

Ukubwa ukishaujua, angalia printa inasukuma vipi wino. Hapa ndipo watu wanatupa hela. Wino wa sublimesheni umetengenezwa ili ukipata joto kali ugeuke mvuke na kuingia ndani ya plastiki au poliesta. Printa nyingi za nyumbani za HP na Canon hutoa wino kwa kuuchemsha kwenye kichwa chenyewe, kwa hiyo hazifai kwa wino huu. Epson na Brother hutumia kijiwe kidogo ambacho kikipata umeme kinajipinda na kusukuma tone nje, bila joto. Ya leza isahau moja kwa moja. Mtu akikwambia printa yoyote inabadilishwa, muombe aanze na ya kwake.

Sasa kuna njia mbili. Ya kwanza ni printa iliyozaliwa kwa kazi hii, kama Epson SureColor F100 au Sawgrass SG500. Zina waranti, rangi zinakuja zimeshapangwa, unaingiza karatasi unachapa. Ubaya wake kwangu ni wino: unafungwa na wa kampuni, na Mtwara hauupati kwa kutembea. Tena Epson wana hiyo ya A4, halafu wanaruka mpaka F500 ya inchi 24. Hapo katikati, kwenye A3 tunakolia sisi wa jezi, utatafuta Sawgrass SG1000 au utabadilisha mwenyewe.

Kubadilisha ndiyo njia ya pili, na ndiyo yangu. Unanunua Epson ya matangi, kama L3250 kwa A4 au L1300 kwa A3, ikiwa mpya kwenye boksi, unaijaza wino wa sublimesheni tangu siku ya kwanza. Zile chupa za wino zinazokuja nayo usizifungue; mimi zangu nilimuuzia jirani wa duka la steshenari. Waranti imekufa hapo, ulijue hilo kabla ya kumimina. Usinunue iliyotumika hata kama ni ya shemeji yako. Wino wa zamani unabaki kwenye mirija, unachanganyika na mpya, na rangi utakazopata hazina jina. Niliwahi kuletewa moja niifufue, nikafungua mfuniko nikakuta mjusi amekauka juu ya mkanda. Huyo angalau alionekana.

Rangi nne au sita? L1800 na ndugu yake mpya L18050 zina sita, yaani zimeongezewa bluu hafifu na waridi hafifu. Sura ya mtu inatoka laini, shavu halina vidoadoa. Kwa namba na nembo za timu, hutaona tofauti, ila utaziona chupa mbili za ziada za kununua na njia mbili za ziada za kuziba. Ukichapa picha za harusi kwenye vikombe, chukua sita. La sivyo nne zinatosha, na hapo sibembelezi mtu.

Kuziba ndiko kutakakokutoa machozi. Wino huu una chembe zinazotuama, na printa ikikaa kimya siku nne kwenye joto letu la Desemba tundu zinakauka. Kila asubuhi, kabla ya chai, natoa ule ukurasa wa majaribio wenye vimistari kama ngazi. Nyeusi, bluu, waridi, njano. Ngazi ikikosa kipandio kimoja nasafisha kichwa mara moja na kutoa tena. Ikikosa bado, naiacha saa nzima kabla ya kurudia, kwa sababu kila usafi unamwaga wino kwenye sifongo ya chini, na sifongo ikijaa printa inagoma. Kwa hiyo kama unaona utachapa mara moja kwa mwezi, usinunue. Njoo nikuchapie.

Umeme nao una lake. Ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinabaki njiani, hakijarudi kwenye kofia yake, na hapo hukauka haraka. Nunua UPS ndogo, ile betri ya akiba, ya printa peke yake. Mashine ya joto usiichomeke humo, inakula zaidi ya wati elfu moja na itaimaliza kwa pumzi moja. Na zima printa kwa kitufe chake, kamwe usizime kwa swichi ya ukutani.

Unyevu wa bahari nao unaingia kwenye karatasi. Ya kwangu naifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, na chini naweka mchele uliofungwa kwenye kitambaa, unyonye unyevu. Karatasi iliyonyonya unyevu ikibanwa kwenye nyuzi 195 inatoa mvuke, na ukingo wa herufi unakuwa na ukungu kama wa kioo cha gari asubuhi. Jezi pia naipasha sekunde tano tupu kwanza, ndipo naweka picha kwa sekunde kama hamsini.

Kabla ya kulipia, kama muuzaji ana mashine dukani, mwombe akuchapie na akupigie kwenye kitambaa. Picha kwenye karatasi inatoka imepauka, isikutishe. Rangi yake inaamka kwenye joto. Tazama nyeusi. Ya kwangu wiki ya kwanza ilikuwa na ukijani, nikafikiri wino ni feki, kumbe sikuwa nimepakia kwenye kompyuta profaili ya rangi ya wino ule, yaani faili linaloielekeza ichanganye rangi vipi. Muuzaji asiye na profaili ya wino anaouza, nenda duka la pili.

Na tafadhali, usinunue printa hii kwa ajili ya kanga. Mama mmoja alitaka jina la mwanawe lichapwe kwenye kanga za pamba za unyago. Sublimesheni haishiki pamba, inafuliwa na kwenda. Nilichomoa uzi mmoja pindoni nikauchoma kwa kiberiti mbele yake: ukabaki jivu jepesi linalonuka karatasi. Wa poliesta ungeyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Vilevile printa hizi hazina wino mweupe, kwa hiyo tisheti nyeusi haiwezekani.

La mwisho ni akiba. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, nilikuwa na waridi robo tangi na oda ya timu mbili. Sikuwa na chupa nyingine, na hapa mjini sikupata wa kuniazima. Sasa nikiagiza naagiza seti mbili, moja ya kumimina na moja ya kabatini, na tarehe ya kuisha naiandika kwa kalamu kubwa kwenye kifuniko. Mwezi wa kumi, minada ya korosho ikifunguka na kila kijiji kikataka jezi, natikisa chupa polepole, namimina, na kutoa ukurasa wangu wa ngazi.