Barabara inapanuliwa hadi kwako: pima mwenyewe, hesabu mikorosho, ndipo usaini

Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ikipita kijijini, swali la kwanza barazani huwa "watalipa ngapi?" Anza na jingine: wewe umeifuata barabara, au barabara imekufuata? Jibu liko kwenye mita.

Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara, kwa barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Zinahesabiwa kuanzia katikati ya barabara, si ukingo wa lami. Ukianzia ukingoni unaipa barabara mita tatu hivi za bure. Tafuta futi kamba ya mita 50 na mtu wa kushika upande wa pili. Mmoja asimame katikati ya lami (mwingine aangalie magari), kamba iende pembe mraba na barabara, ivutwe hadi ukuta ulio karibu zaidi. Kwenye mteremko usiilaze chini. Ardhi ikishuka mita 1 kila mita 5, kamba iliyolazwa itasoma 30 wakati umbali halisi ni 29.4, na nyumba uliyodhani iko nje kumbe iko ndani. Pima vipande vifupi, kamba ikiwa imelala sawa kama maji ya mtungini. Na kama mchoro mpya unahamisha barabara, katikati inayohesabika ni ya mchoro, kwa hiyo omba uonyeshwe vigingi. Mjini mipango miji inaweza kuwa na upana wake. Ulizia idara ya ardhi ya halmashauri.

Kwa barabara iliyopo, X nyekundu inayochorwa ukutani maana yake uko ndani ya zile 22.5 za zamani: bomoa, hakuna fidia. X ya kijani ni kipande cha mita 7.5 kilichoongezwa, na aliye humo hulipwa. Ukichorwa nyekundu na kamba inasoma 24, usigombane na aliyeshika brashi. Andika barua kwa meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa barabara, ipitie kwa mwenyekiti, uombe kupimwa upya, na ubaki na nakala yenye muhuri.

Sasa mikorosho, maana huku ndiko pesa nyingi hupotelea. Kabla mthamini, yule anayekadiria thamani ya mali, hajafika, ipe kila mti namba kwa chokaa, kisha andika daftarini: mche, unaoanza kuzaa, unaozaa, uliozeeka. Bei hutofautiana kwa hatua hizo, na mti unaozaa ukiandikwa mche, hasara ni yako. Minazi na miembe vilevile. Ulichopanda au kujenga baada ya tarehe ya zuio, yaani siku ya kusimamisha maendelezo mapya, hakihesabiwi, kwa hiyo usijisumbue kuchomeka miche usiku.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, pamoja na mwenyekiti na majirani wa mipakani. Fomu ijazwe kwa wino mbele yako. Nafasi tupu zipigwe mstari kabla hujasaini. Ipige picha. Jina lilingane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki. "Saidi" na "Said" ni watu wawili kwa karani wa malipo. Shamba likiwa la marehemu, shughulikieni usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo mapema. Kwetu, ambako urithi wa upande wa mjomba bado una nguvu, hilo peke yake hula miezi.

Fidia si thamani ya ardhi, nyumba na miti tu. Kuna posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, na posho ya makazi: kodi ya soko ya mwezi mara 36. Nyumba ya kodi ya 40,000 inaleta 1,440,000. Biashara hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36, ila kwa hesabu zilizokaguliwa; genge lisilo na kitabu huambulia patupu. Shamba tupu halina posho za usafiri na makazi.

Uthamini ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, malipo yanatakiwa ndani ya miezi 6, yakichelewa yanadaiwa na riba. Ikipita miaka miwili bila kulipwa, thamani ile imekufa, dai uthamini upya.

Makaburi yaorodheshwe siku hiyohiyo, hata yale yasiyojengewa. Kuhamisha mabaki kuna malipo yake, lakini kaburi ambalo halikuonyeshwa hugunduliwa na greda.