Jua linapozama saa tisa alasiri: sonona ya majira ya baridi kwa watu wa Kigoma na Tabora walio ughaibuni

Kigoma na Tabora ziko karibu na ikweta, na kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote kwa mwaka kuna tofauti ya nusu saa hivi. Aliyekulia Ujiji au Urambo hakuwahi kuuwazia mwanga; ulikuwepo tu. Halafu anajikuta Stockholm mwezi Desemba, jua linachomoza saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. London mchana hautimizi urefu wa saa nane. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halionekani kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Wengi hulaumu baridi. Baridi ina koti na soksi nzito, lakini kinachoisumbua akili zaidi ni giza. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni, ubongo hupunguza melatonini, homoni ya usingizi, na saa ya mwili hujirekebisha. Mwanga ukichelewa, saa hiyo nayo huchelewa, na mtu hushinda kama aliyeamshwa usiku wa manane. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani waliieleza hali hii kitabibu kama aina ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inayofuata majira. Ni ugonjwa, una tiba, na haumaanishi kwamba mtu ni mvivu, imani yake imepungua au amerogwa.

Sonona tuliyoizoea kuisikia humnyima mtu usingizi na hamu ya kula. Hii ya majira mara nyingi huja kinyume: unalala kwa muda wa saa kumi au kumi na moja na bado umechoka, unatamani ugali, wali, chapati na mkate kuliko kawaida, uzito unapanda, mikono na miguu mizito. Simu ya nyumbani inaita mpaka inakatika kwa sababu huna nguvu ya kusema hata "shikamoo mama". Kule Kasulu wanasema umeota mapembe. Kinachoitambulisha zaidi ni kalenda: inaingia Oktoba au Novemba, inaondoka Machi au Aprili, na mwaka unaofuata inarudi vilevile. Waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na wenye kumbukumbu za vita waangalie jambo moja: jinamizi, kushtukashtuka na picha zinazojirudia hazifuati majira. Ukiwa navyo, mweleze daktari vyote viwili, kwa sababu tiba zake si zilezile.

Tiba ya kuanzia ni mwanga, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Taa ya mezani haitoshi: mwanga wa kawaida wa sebuleni ni luksi (kipimo cha mwanga, lux) 100 hadi 300 tu, wakati taa ya tiba hutoa 10,000. Unapoinunua, soma boksi upate mambo mawili. Kwanza, imeandikwa 10,000 lux kwa umbali gani? Taa ndogo za bei rahisi hufikisha kiwango hicho ukiwa umeinamia sentimita 10 au 15, jambo ambalo hakuna atakayelifanya nusu saa nzima. Tafuta inayokifikisha kwa sentimita 40 hadi 60. Pili, iwe na kichujio cha mionzi ya UV. Taa za saluni za kubadilisha rangi ya ngozi ni kitu kingine kabisa, na huumiza macho.

Iweke mezani, pembeni kidogo ya uso, unapokunywa chai. Macho yawe wazi lakini usiikodolee. Dakika 20 hadi 30 kila siku, ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka. Ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaokufikia huweza kubaki robo, na ndiyo maana taa iliyowekwa juu ya kabati haimsaidii mtu. Wengine huiwasha usiku baada ya kazi, kisha wanashangaa usingizi umepaa. Wengine huacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi. Ipe wiki mbili. Kichwa kikiuma au macho yakichoka, anza na dakika 10 na uongeze taratibu.

Usiinunue kabla ya kuongea na daktari ikiwa una ugonjwa wa macho, hasa wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), au kisukari kilichogusa macho, au uliwahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi bila kulala, kwa sababu mwanga mkali unaweza kuvirudisha. Baadhi ya dawa huifanya ngozi au macho yaumizwe na mwanga kirahisi, ikiwemo doksisaiklini ambayo wengi huitumia kukinga malaria wanapokwenda likizo nyumbani. Wanaofanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee au maghala nao waulize muda unaowafaa. Ratiba ya asubuhi si yao.

Asiye na pesa ya taa atoke nje. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje huzidi wa ndani mara nyingi sana. Nusu saa ya kutembea wakati wa mapumziko ya mchana, bila miwani ya jua, ifanywe kila siku kama kazi. Amka saa ileile hata siku ya mapumziko. Pombe huongeza sonona, hata kama usiku wa kwanza inaonekana kusaidia.

Vitamini D ni suala la pembeni lakini linatuhusu. Ngozi nyeusi huitengeneza polepole kwa jua hafifu, na Uingereza huwashauri wenye ngozi nyeusi wafikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku mwaka mzima. Hiyo ni kwa ajili ya mifupa na misuli; isichukuliwe kuwa dawa ya sonona.

Kwa daktari, wengi wetu tunataja kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio, tunarudi na dawa ya maumivu. Sema jambo lenyewe: "Tangu Novemba sina hamu ya kitu chochote, nalala sana na bado nachoka, na mwaka jana ilikuwa hivihivi hadi Machi." Omba wapime damu kuona upungufu wa damu na tezi ya shingo, maana navyo huleta uchovu. Omba mkalimani wa Kiswahili. Usimtumie mwanao, kwa sababu hutasema yote mbele yake. Kuna ushauri wa kisaikolojia na dawa za sonona, na wengine huzianza kabla ya giza kuingia. Yakija mawazo ya kujiua, usisubiri miadi: Marekani na Kanada piga 988, Uingereza 111 kisha chagua namba 2, na hatari ikiwa ya papo hapo 999, nchi za Umoja wa Ulaya ni 112.

Nyumbani, neno hili hupokewa kwa hofu, kwani mtu akisikia ugonjwa wa akili anawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Mwambie mzazi kwa mfano anaouona: "Mama, huku jua linazama kabla hata watoto hawajarudi shule, na mwili wangu unachoka kwa kukosa mwanga. Daktari anajua, natibiwa." Akisema atakuombea, pokea dua hiyo na uendelee na taa.

Kuna mzigo mmoja wa kupanga mapema. Januari yako ya giza ndiyo Januari ya ada, sare na mbolea kwao, na simu za maombi hukukuta ukiwa huna nguvu. Anza kuweka akiba Septemba, tuma ada Novemba, na uwaambie kabisa kwamba zimekwisha kwenda. Kama likizo ni moja tu kwa mwaka, ipeleke mwishoni mwa Januari au Februari badala ya Agosti; utapata jua pale linapokosekana zaidi, ingawa ukirudi itabidi uendelee na taa mpaka Aprili. Kisha iweke kabatini, na kwenye kalenda ya simu andika tarehe ya mwishoni mwa Septemba ya kuitoa tena, kabla dalili hazijaanza.