Mahadhi Kwanza, Maneno Baadaye: Kuandikia Nyimbo Filamu za Kitelugu

Usianze na shairi. Nilipokuwa Hyderabad, India, hili lilinichukua muda kulizoea. Kwenye filamu za Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, mara nyingi mtunzi wa muziki hutangulia: anakupa mahadhi yaliyoimbwa kwa sauti tupu, "tana nana", kisha mwongozaji anakueleza tukio. Muulize nani anaimba, anamwimbia nani, na wimbo ukiisha hadithi inaelekea wapi. Bila majibu hayo usiguse kalamu.

Mahadhi yasikilize mpaka uyaimbe huku unafua nguo. Ndipo uhesabu mizani, na utie alama pale sauti inapovutwa, kwa sababu katika Kitelugu irabu fupi na irabu ndefu hutenganisha maana. Neno la irabu fupi ukilibandika panapovutwa, msikilizaji anaweza kusikia neno jingine.

Tunga pallavi kwanza, yaani kiitikio kinachofungua wimbo. Beti, charanam, zitafuata.

Sasa vina. Sisi tuliolelewa na vina vya kati na vya mwisho hapa tunajikwaa. Ushairi wa jadi wa Kitelugu una prasa: konsonanti ya silabi ya pili ilingane katika kila mstari. Ndiyo, kina kinakaa mwanzoni! Nyimbo za filamu hazifungwi na kanuni hiyo, ila ukiitumia utamu wake unasikika. Nilijizoeza kwa Kiswahili:

Kata kamba tuondoke,
Vita vimekwisha jana.

Ta na ta. Andika mistari ishirini ya namna hiyo kabla hujaijaribu kwa Kitelugu.

Usione aibu kurudia kazi. Chandrabose, aliyeandika maneno ya "Naatu Naatu" ya filamu RRR kwa muziki wa M. M. Keeravani, ameeleza kwamba sehemu kubwa aliimaliza ndani ya nusu siku, na kipande kidogo kilichobaki kikamla zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mwaka 2023 wimbo huo ukashinda Oscar.

Kama wewe ndiye mtayarishaji pia, kama alivyokuwa mwandishi wa nyimbo za Kitelugu M. S. Reddy, maarufu kwa jina la Mallemala, mpe mwongozaji ruhusa ya kukata ubeti wako. Kila ubeti una gharama yake ya kupigwa picha, na mwenye fedha akiyapenda mno maneno yake hakuna atakayethubutu kumwambia.

Siku ya kurekodi nenda studio mwenyewe. Waimbaji wengi Kitelugu si lugha yao ya kwanza. Mwimbaji akikwama kwenye neno mara tatu, libadilishe papo hapo.